Bima ya Kioo

Gari lenyewe lilikuwa kichekesho. Viti viwili, paa la turubai la kukunja, na tumbo lililokaribia kuburuzika mchangani. Mzungu mmoja wa ofisi ndiye aliyelileta Garissa, na alipofungasha virago baada ya uhuru akamwachia mwalimu wa shule ya msingi, Msomali wa pale pale mjini, aliyekuwa akimfundisha Kisomali. Mwalimu alilipenda gari hilo mpaka watu wakamcheka. Jioni, kabla ya saa ya kila mtu kuwa ndani, alikuwa akilikunja paa, akampakia binti yake wa miaka sita, wakashuka hadi darajani kuutazama mto na kurudi. Mtoto alikuwa akiwapungia mkono watu wote, hata askari wa kizuizini, na askari walikuwa wakimpungia.

Mimi nilikuwa fundi wa magari. Mwenye gereji alikuwa amehamia Nairobi vita vya shifta, waasi wa Kisomali, vilipopamba moto, akaniachia funguo, na kwa kuwa mafundi wengine nao walikwisha kuondoka, nikawa ndiye fundi wa mji mzima. Nilikuwa na mikono mizuri na mdomo mbaya. Nimezaliwa Mombasa, na Kiswahili nilikiona kama urithi wa baba yangu. Mtu akikikosea mbele yangu, nilihisi kama amenikanyaga. Wasomali katika lugha yao hawana sauti ya p wala ya v, kwa hiyo wakisema Kiswahili, viazi vinakuwa fiazi na polisi wanakuwa bolisi. Niliwaiga mbele ya watu. Watu walicheka, nami nikazidisha. Nayasema haya mwanzoni ili msomaji asije akanionea huruma mahali pasipostahili.

Jumapili moja alasiri, mwalimu na binti yake walikuwa wakirudi kutoka darajani, paa limefungwa kwa sababu ya upepo. Lori la jeshi likawapita kwa kasi, tairi lake likarusha jiwe. Jiwe lilipiga kioo cha mbele upande wa mtoto, likaacha tundu la mviringo lenye ukubwa wa senti, na nyufa zikasambaa kutoka pale kila upande. Kwa ndani, chembe za kioo ziliruka. Moja iliingia katika jicho la kushoto la mtoto.

Asubuhi ya Jumatatu daktari wa hospitali yetu alimwambia mwalimu waziwazi kwamba chembe imezama ndani ya jicho na yeye hana vifaa vya kuitoa. Mtoto apelekwe Nairobi kwa daktari wa macho. Siku zile hakuna gari lililoruhusiwa kwenda peke yake njia ya Mwingi. Kulikuwa na msafara wenye ulinzi wa askari, Jumatano na Jumamosi. Daktari akasema Jumatano isiwapite. Akasema pia mtoto asipandishwe nyuma ya lori, kwa sababu vumbi na mtikisiko vitalimaliza jicho njiani. Mabasi yalikuwa yamesimama kwa miezi. Ikawa limebaki gari lile la kuchekwa, na gari lile halikuwa na kioo kizima cha kuzuia vumbi.

Mwalimu aliniletea gari adhuhuri. Macho yake mwenyewe yalikuwa mekundu.

"Fundi, ndugu yangu, nakuomba. Kesho jioni liwe tayari."

"Kioo cha gari hili hakipatikani hapa, mwalimu. Nairobi penyewe labda wakaagize ng'ambo."

"Tengeneza chochote. Na hilo tundu, wallahi, usimwonyeshe mtu."

Nilimwuliza kwa nini. Alinitazama kama anavyomtazama mwanafunzi mzito.

"Nikisema ni lori la jeshi, nimewashitaki askari. Nikisema sijui, basi nimepigwa risasi na shifta wakaniacha hai. Na kwa nini waniache hai? Fikiri mwenyewe."

Nilifikiri, nikaona ni kweli. Miaka ile tundu la mviringo katika kioo cha Msomali lilikuwa na maana moja tu, na aliyetakiwa kuthibitisha vinginevyo ni yeye mwenye gari. Nikamwahidi. Akarudi hospitali mbio, kanzu ameishika mkononi.

Sasa, nyuma ya gereji kulikuwa na lori bovu lililoungua injini. Kioo chake cha mbele kilikuwa vipande viwili bapa, kimoja kimepasuka na kimoja kizima. Kioo cha gari la mwalimu nacho kilikuwa bapa, cha mtindo wa zamani, kimeshikwa na fremu ya chuma inayosimama yenyewe mbele ya dereva. Kwa hiyo kile kizima cha lori kingeweza kukatwa kikaingia. Lakini kukata kioo cha gari si kukata kioo cha dirisha. Ni tabaka mbili zenye utando katikati, na mkono usiojua unakipasua chote. Mtu mmoja tu mjini alikuwa na mkono huo: mzee mmoja aliyeuza vioo vya taa na kutia fremu karibu na soko la mifugo. Ujana wake aliumalizia melini na katika karakana za Aden. Alikuwa Msomali mwenye ndevu za hina na ulimi mkali. Alinichukia, na alikuwa na haki, maana nilikwisha kumwiga mbele ya duka lake mwenyewe, na wateja wake wakacheka.

Nikaenda hivyo hivyo. Alikuwa akipangusa bomba la taa, hakuinua kichwa.

"Warya, Mswahili. Gari ya mwalimu?"

"Ndiyo, mzee." Habari za jicho zilikwisha kuzunguka mji. "Nina kioo cha lori, kizima, nataka unikatie."

"Iko ngabi?"

"Kimoja tu."

"Basi bima kwanza. Gari hii hakuna baa. Lazima bima kwanza, kioo ya zamani ikiwa ndani. Ukitoa kabla ya bima, umebotea."

"Bima ya nini?"

"Bima ya kioo!" Akaweka bomba chini. "Wewe fundi gani? Leta bima, mimi nakata. Hakuna bima, hakuna kioo. Haye, nenda."

Nikatoka nimefura. Tazameni ujinga wa mtu mwenye kujiona. "Iko ngabi" niliigeuza "ngapi" papo hapo kichwani. "Baa" niliigeuza "paa", na "umebotea" nikaigeuza "umepotea", na njiani nikawa nakichekea kila kimoja. Neno "bima" nililiacha lilivyo, kwa sababu ni neno linalosimama lenyewe na maana yake naijua. Nikajisemea, huyu mzee naye kajifunza uoga, anataka karatasi za bima ndipo aguse gari lenye tundu la kutiliwa shaka. Ningeweza kurudi nikamwuliza mara ya pili. Sikutaka kumpa raha ya kunifundisha neno.

Jumanne asubuhi nilifungua kijaluba cha gari, nikakuta karatasi ya bima ya tangu enzi za yule Mzungu. Ilisema dai lolote la kioo liambatane na taarifa iliyopokelewa na ofisi ya serikali. Mwalimu alikuwa hospitali kitandani pa mwanawe, na mimi nikaona nimpunguzie safari. Kulikuwa na karani katika ofisi ya vibali, mtu wa bara, ambaye tulikuwa tukicheza drafti jioni. Nilimwona ni mtu wangu.

Mwalimu alikuwa amesema nisimwonyeshe mtu. Sikumwonyesha mtu. Niliandika. Ndivyo nilivyojitetea nilipokuwa nikitembea, na mpaka leo nikikumbuka hoja ile naona haya. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri kwamba kioo cha mbele cha gari la mwalimu fulani kina tundu moja, ukubwa wa senti, upande wa abiria, lililotokana na jiwe.

Karani alisoma. Akasoma tena. Mkono wake ukasogea kwenye mihuri, halafu ukarudi.

"Hilo jiwe uliliona?"

"Sikuliona. Mimi ni fundi."

"Basi huwezi kuandika limetokana na jiwe. Andika unachokijua."

Na mimi, mpenda lugha, nikaona hoja yake ni sahihi. Nikaifuta ile sentensi, nikaandika juu yake: inasemekana ni jiwe. Nilifurahia neno hilo. Lilikuwa neno safi, la gazetini. Karani hakugonga muhuri. Aliikunja karatasi, akaniambia nirudi baadaye, na sauti yake haikuwa ya mtu wa drafti.

Saa saba mchana mama mmoja muuza chai alinipitia gerejini akaniambia mwalimu amechukuliwa. Watu wawili wamemtoa pembeni mwa kitanda cha mtoto, wakampandisha gari. Mtoto amemlilia mpaka wauguzi wamemshika mikono asije akalisugua jicho.

Nilisimama na spana mkononi. Niliogopa kama sijawahi kuogopa. Nilijua ni barua yangu, na nilijua wangekuja kulitazama tundu. Nikafanya la pili la kijinga siku hiyo, na hili lilikuwa kubwa. Nilichukua nyundo, nikaingia ndani ya gari, nikakigonga kile kioo kwa ndani mpaka kikatoka chote, vipande vikubwa na vidogo. Nikavikusanya katika gunia, nikalitupa shimoni tulimokuwa tukimwaga oili chafu. Niliamini nimemwokoa mwalimu. Pasipo tundu, wangemwuliza nini?

Saa tisa akaja afande na askari wawili. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulinitisha zaidi.

"Kioo kiko wapi?"

"Nimekitoa, afande. Nabadilisha."

"Asubuhi umeandika kina tundu. Mchana hakipo. Nani alikuambia ukitoe?"

"Hakuna."

"Mwenye gari hakukuambia?"

Nikaona swali linakoelekea. Nikisema mwalimu ndiye aliyetaka kioo kibadilishwe haraka, nimemzika. Nikisema ni mimi, haaminiki mtu anayeandika barua asubuhi na kuharibu ushahidi mchana. Nikasema ni mimi. Afande aliandika kitu katika daftari lake, akaamuru gari lisitoke pale, akaondoka. Jumatano ilikuwa imebakiza usiku mmoja.

Yule mzee wa vioo alifika jua likiwa bado juu kidogo, amebeba kamba, penseli ya seremala na karatasi ngumu ya khaki. Hakunisalimu.

"Umebima?"

"Karatasi nimepeleka ofisini, mzee. Na kwa karatasi hiyo wamemkamata mwalimu."

"Karatasi gani?" Akalifikia gari, akaiona fremu tupu. Akapitisha kidole ukingoni mwake, na nikaona uso wake ukibadilika. "Nani ametoa kioo? Mimi nimesema bima! Bima!" Akatandaza kiganja juu ya fremu, kidole gumba hadi kidole cha mwisho, akasogeza, akatandaza tena. "Moja, mbili, tatu. Bima hivi! Na karatasi hii, nachora!"

Shibiri ya tatu ndiyo iliyonifungua masikio. Pima. Alikuwa amesema pima. Pima kwanza, kioo cha zamani kikiwa ndani. Kipimo cha kioo.

Sikucheka, na nadhani tangu siku hiyo sijamwiga mtu. Nilikaa chini pale pale kwenye oili. Mzee akanieleza huku akinitukana, na matusi yake yalikuwa elimu. Gari lenye paa la bati, fremu ya kioo imeshikwa na mwili mzima wa gari. Gari lisilo paa, fremu inasimama peke yake, na kioo ndicho kinachoishika fremu. Ukikitoa, chuma kinajinyoosha, kinafunguka upana wa kidole au zaidi, na hapo ukipima unapima uongo. Ukikata kwa kipimo cha uongo, kioo kinacheza au kinapasuka. Kikizidi urefu hata kidogo, turubai la paa halifiki kwenye kulabu zake, na vumbi linaingia lote. Na kioo cha kukata kilikuwa kimoja tu.

"Sasa tutafanyaje?"

"Fibande iko wabi?"

Nilimwonyesha shimo. Akavua koti.

Tulilitoa gunia kabla ya saa ya kuingia ndani. Jumatano alfajiri, amri ya usiku ilipoisha tu, tulikuwa tena gerejini tukivisugua vipande kwa petroli na kuvipanga juu ya karatasi ya khaki, kimoja kimoja, tukitafuta kona. Saa moja tukasikia msafara ukiwasha injini upande wa daraja. Malori yalinguruma kwa muda mrefu, kisha sauti ikapungua, ikaisha. Mzee hakuinua kichwa. Mimi vidole vyangu vilikuwa vinavuja damu, na nililia bila kujificha.

Mama wa mtoto alikuja baada ya hapo. Alisimama mlangoni, shungi limemfunika hadi kiunoni, akazungumza na mzee kwa Kisomali. Alimwita adeer, baba mdogo. Kisha akanigeukia mimi.

"Mtoto naona nuru tu," akasema. "Jana naona mkono. Leo naona nuru tu. Gari itaenda lini?"

Nikamwambia Jumamosi. Sikujua kama ni kweli. Akaitikia "inshallah", akarudi hospitali, na mimi nikashindwa kumwambia kwa nini mumewe yuko ndani.

Kufikia Alhamisi asubuhi kioo cha zamani kilikuwa kimelala kwenye karatasi, kizima katika umbo lake, na tundu lake pale pale upande wa abiria. Mzee alichora mzingo wake kwa penseli. Halafu akainama juu ya tundu, akalitazama kwa lenzi yake, ile ya mafundi saa, akaniita nami nitazame. Kingo za nje zilikuwa zimesagika, na ndani ya mikwaruzo, hata baada ya oili na petroli, kulikuwa na unga mwekundu wa kokoto za barabara.

"Nenda leta yule afande," akasema.

"Mzee, mimi?"

"Nani ameandika? Mimi?"

Nilikwenda. Nilimwambia afande kwamba neno "inasemekana" ni langu, si la mwalimu, na kwamba kioo nilikivunja kwa uoga wangu mwenyewe. Nilimwambia na habari ya bima na pima, na nilipoisema kwa sauti mbele ya mtu mwenye bunduki, ikasikika kama mzaha. Hakucheka, lakini alikuja. Mzee alimwonyesha tundu, akamweleza kwa vidole: risasi inafanya hivi, jiwe linafanya hivi, na yeye Aden ameona yote mawili. Afande alichukua kile kipande chenye tundu, akakitia mfukoni, akaondoka. Alasiri mwalimu akaachiliwa, na gari lake nalo likaruhusiwa kutoka. Sijui kama ni kioo kilichomtoa au walikuwa wamechoka naye.

Alikuja gerejini moja kwa moja, amekonda kwa siku mbili. Alimsalimu mzee, akanisalimu mimi kwa mikono miwili. Aliuliza neno moja tu, kama Jumamosi itawezekana. Nikasema itawezekana. Hakuniuliza lolote kuhusu barua, na mimi nikamshukuru Mungu kwamba hajui. Nafsi yangu ilinisuta, lakini shukrani ilikuwa kubwa kuliko kusutwa.

Ijumaa tulikata. Kwanza tuliikaza fremu kwa kamba na kijiti cha kuzungusha, kidogo kidogo, mpaka ikarudi kwenye mchoro. Kisha tukakilaza kioo cha lori juu ya mablanketi. Mzee alipitisha almasi yake ya kukatia juu ya mstari, mara moja, bila kusita. Tukakigeuza, akapitisha upande wa pili mahali pale pale. Kioo kilitoa mlio mdogo wa kukwaruza. Alipomaliza mstari wa kwanza, mwadhini akaita. Mzee akaweka almasi chini.

"Naenda msikitini. Usiguse. Usibumue karibu."

Nilikuwa nimepanga kuswali Ijumaa na mimi, lakini mtu alibidi abaki na kioo, hivyo nikaswali adhuhuri yangu pale gerejini. Kisha nikakaa nikakitazama. Paka alipita juu ya ukuta, nikamtupia kandambili. Sijawahi kungoja khutba iishe kwa hamu kama siku ile.

Aliporudi alimimina spiriti ya taa kwenye mstari, akawasha. Moto wa bluu ulikimbia kutoka ncha hadi ncha, ukazimika, na utando wa katikati ukalainika. Hapo akaingiza wembe taratibu, akavuta, na kipande cha ziada kikaachana na kioo kama ganda la yai la kuchemsha. Mara nne tulifanya hivyo, kila ukingo kwa zamu yake. Hakikupasuka. Saa kumi na moja kilikuwa ndani ya fremu, mpira umekaa, skrubu zimekazwa. Nilivuta turubai kutoka nyuma, nikalikaza kwa nguvu zangu zote, na kulabu ya mwisho ikaingia. Mzee alipitisha mkono wake kwa ndani, akatafuta upepo, hakuupata.

"Sasa ni gari," akasema, akachukua kamba yake akaenda zake kabla sijamshukuru.

Jumamosi niliwaona wakiondoka. Mtoto alikuwa amelazwa mapajani mwa mama yake katika kile kiti cha pili, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe. Mwalimu alinishika mkono kwa mikono yake miwili tena, akaniambia Mungu anilipe. Nikaitikia amina.

Zilipita wiki tatu na ushei. Alirudi peke yake na msafara, gari limejaa vumbi kwa nje na safi kwa ndani. Alilileta gerejini, akazima injini, akabaki amekaa. Nikamwendea.

"Mtoto?"

"Hajambo. Yuko kwa jamaa Eastleigh, huko Nairobi, na mama yake."

"Na jicho?"

"Wamelitoa." Alisema polepole, kama mtu anayeandika ubaoni. "Walikuwa wanaogopa lisije likaliua na la pili. La pili ni zima. Daktari aliniuliza ni siku ngapi tangu aumie, nikamwambia sita. Akasema tungekuja siku ya tatu au ya nne, angejaribu."

Siku ya tatu ilikuwa Jumatano. Nilishika mlango wa gari, na nikaona siwezi tena kukaa na kitu kile tumboni.

"Mwalimu, barua ile niliiandika mimi."

"Najua."

Nikauachia mlango.

"Walinionyesha Jumanne ile ile," akasema. "Nasahihisha madaftari kila siku, fundi, na wewe umekwisha kuniandikia risiti ngapi? Mwandiko wako naujua."

"Na bado ukanisalimu. Bado ukaliacha gari kwangu, ukaniombea dua?"

Alinitazama. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na ningetamani iwepo, maana hasira ningejua namna ya kuipokea.

"Ningelipeleka kwa nani? Fundi ni wewe tu."

Akashuka, akafunga mlango kwa uangalifu asikitikise kioo. Akaniambia breki ya mbele inavuta upande mmoja, na kwamba anaomba iwe tayari kabla ya Jumatano, kwa sababu anakwenda kumchukua mtoto. Nikasema itakuwa tayari. Nikapiga magoti kwenye gurudumu la mbele, nikaanza kulegeza nati, na yeye akasimama juu yangu akitazama mpaka nilipomaliza.